Programu yangu ya maziwa imekuwa nzito na imepoteza rekodi. Nihamie mtandaoni?

"Shikamoo mtaalamu. Nimemaliza chuo mwaka jana, niko Mbeya mjini. Nilitengeneza programu ya simu kwa Flutter (zana ya kutengenezea programu za simu) kwa ajili ya kituo cha kukusanyia maziwa Rungwe, huko juu ya Tukuyu ambako mtandao unakuja na kuondoka. Karani anapokea maziwa asubuhi na jioni, kama mapokezi 400 kwa siku. Rekodi zote nimezihifadhi kama orodha moja ya maandishi ya JSON ndani ya shared_preferences. Miezi ya mwanzo ilienda vizuri. Sasa ni mwezi wa sita, programu inachukua karibu nusu dakika kufunguka, na kila karani akibonyeza Hifadhi simu inaganda. Nikapunguza, ikawa inaandika kila baada ya watu 20. Wiki iliyopita betri ilikata katikati ya zamu ya asubuhi, na wafugaji 17 hawaonekani kabisa. Mwenyekiti amekasirika. Wenzangu wanasema nihamishie kila kitu mtandaoni, wengine wanasema kituo kinunue simu yenye RAM kubwa, na kwamba hifadhidata ya SQLite ni ya kujifunzia darasani tu. Nifanye nini? Na nitapataje jumla ya kila mfugaji mwisho wa mwezi bila simu kuganda?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hao wafugaji 17, maana hapo ndipo penye uzito. Mama aliyeshuka na ndoo yake alfajiri, kwenye ukungu na matope ya Rungwe, alimpa karani maziwa yake na kurudi nyumbani akiamini yameandikwa. Hiyo ni ada ya mtoto na sabuni ya nyumbani. Kwa hiyo kabla hujagusa mstari wowote wa programu, kaa na karani na mwenyekiti. Chukueni lita zilizopimwa kwenye tangi la kupozea asubuhi ile, mtoe jumla iliyobaki kwenye simu. Tofauti ndiyo maziwa ya hao watu 17. Kisha angalieni kila mmoja huleta kiasi gani siku za kawaida, muwaite, mkubaliane nao mbele ya kamati. Fanyeni hivyo wiki hii, kabla ya malipo.

Sasa tuje kwenye programu. Umeniletea malalamiko mawili, uzito na upotevu, lakini mimi naona ni ugonjwa mmoja. Kuandika kulikuwa kuzito, ukaamua kuandika mara chache, na kwa sababu uliandika mara chache, betri ilipokata ikaondoka na kila kilichokuwa bado kinaelea kwenye kumbukumbu ya muda. Betri ilitimiza tu kile ambacho mpangilio wako ulikuwa umekwisha kukiruhusu.

Uzito umetoka wapi? shared_preferences imetengenezwa kuhifadhi vitu vidogo: lugha aliyochagua mtumiaji, rangi ya skrini, kama ameshaingia au bado. Kwenye Android mambo hayo hukaa kwenye faili moja linalosomwa lote programu inapofunguka na kuandikwa upya lote kila kitu kimoja kinapobadilika. Piga hesabu nami. Mapokezi 400 kwa siku kwa siku 180 ni rekodi 72,000. Kila rekodi ikiwa na jina, tarehe, zamu, lita na kipimo cha laktomita, tuseme baiti 130, faili lako limefika zaidi ya megabaiti 9. Kwa mtindo wako wa mwanzo, mfugaji mmoja akileta lita 5, simu inaandika megabaiti 9. Wakija watu 200 asubuhi, simu imeandika karibu gigabaiti 2 ili kutunza habari isiyojaza hata kurasa kumi za daftari. Na kesho itaandika zaidi ya leo.

Ndiyo maana simu yenye RAM kubwa haitakuponya. Itakununulia miezi michache, kisha mtarudi palepale, na kituo kitakuwa kimetumia fedha za wafugaji bure.

Kuhamia mtandaoni nako kunajibu swali lingine. Seva inasaidia watu wengi kuona data ileile, na inasaidia simu ikiibwa. Haimsaidii karani aliyesimama na foleni ya watu 60 huku mnara hauonekani. Zipo huduma za mtandaoni zinazoweka nakala ndani ya simu na kuendelea kufanya kazi bila mtandao, Firestore ya Google ni mojawapo, na kwa kazi fulani ni nzuri. Lakini hulipisha kwa kila hati inayosomwa kwenye seva, na ukipakua rekodi kama zako ili kupiga jumla za mwezi, unasoma hati nyingi. Ukweli wa kwanza wa lita uwe ndani ya simu ya kituo. Mtandao uje nyuma yake, ukipatikana.

Na hilo la SQLite kuwa ya darasani, naomba uliache kabisa. D. Richard Hipp alianza kuitengeneza mwaka 2000 akiwa kwenye kazi ya programu za meli za kivita za Marekani, na alichokuwa akikitafuta ni hifadhidata isiyotegemea seva, ili programu iendelee hata seva ikizimika. Mazingira yako ya Rungwe ni yaleyale, bila meli. Leo imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone. Watengenezaji wake wamesema wanakusudia kuihudumia hadi mwaka 2050. Wanaoidharau huwa wameiona kwenye zoezi la darasani lenye rekodi kumi.

SQLite ni faili moja lililogawanywa kurasa, kwa kawaida za baiti 4096. Ukiongeza rekodi, zinaguswa kurasa chache tu. Ukiuliza swali vizuri, zinasomwa kurasa chache tu. Tofauti yote na ulichonacho sasa iko hapo: unaacha kubeba daftari zima kila unapotaka ukurasa mmoja.

Kwa Flutter kuna sqflite, na kuna drift ambayo hujengwa juu ya SQLite na kukagua maswali yako kabla programu haijafika kwa mtumiaji. Yoyote kati ya hizo itakufaa. Hive na wenzake wa aina hiyo ni wepesi kwa kutunza vitu na kuvitoa kwa ufunguo wake, ila ukitaka jumla ya kila mfugaji kwa mwezi unalazimika kupitia rekodi mwenyewe moja moja. Kazi yako ni ya jumla na tarehe, kwa hiyo SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, ndiyo nyumbani kwake.

Tengeneza jedwali la wafugaji na jedwali la mapokezi. Kwenye mapokezi usirudie jina la mtu, weka namba yake ya uanachama. Lita usiziweke kama desimali. Hesabu za desimali ndani ya kompyuta hubeba makosa madogo, 0.1 jumlisha 0.2 haitoki 0.3 kamili, na ukijumlisha maelfu ya rekodi kuna siku karani na simu watatofautiana. Weka mililita kama namba kamili: lita 5.3 ni 5300. Fedha nazo ziwe shilingi kamili. Bei iwe na jedwali lake lenye tarehe ya kuanza, kwa sababu bei ikipanda mwezi ujao hutaki malipo ya mwezi uliopita yabadilike yenyewe.

Tarehe inawaponza wengi. SQLite haina aina maalumu ya tarehe, kwa hiyo ukiandika 3/5/2025 na 10/5/2025 kama maandishi, ya tarehe 10 itapangwa kabla ya ya tarehe 3, kwa sababu herufi 1 inatangulia 3. Andika mwaka kwanza, 2025-05-03, na mpangilio wa maandishi utakuwa mpangilio wa siku. Zamu iwe na safu yake. Na kwa kuwa umesema betri hukata: simu ya bei nafuu ikizimika kabisa na kuwaka pasipo mtandao, saa yake inaweza kurudi nyuma miaka. Programu ikatae tarehe iliyo kabla ya rekodi ya mwisho, imuulize karani kwanza.

Tuje kwenye swali lako la jumla ya mwezi. Umewahi kusimama mbele ya orodha ya wapiga kura iliyobandikwa ukutani? Majina yamepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo unaruka moja kwa moja hadi kwenye herufi yako. Lakini mtu akikuuliza ni akina nani waliozaliwa mwaka 1985, orodha ileile haikusaidii chochote, itabidi usome jina la kwanza hadi la mwisho. Jedwali lisilo na faharasa ni hivyo: kila swali linasomwa kuanzia juu hadi chini. Faharasa ni orodha ya pili ambayo SQLite huitunza ikiwa imepangwa kwa safu ulizochagua, na kila mstari unaonyesha rekodi kamili iko wapi. Imejengwa kama mti: ukurasa wa juu unaelekeza kwenye ukurasa wa kati, wa kati unaelekeza kwenye wa chini. Kwa rekodi zako 72,000, kumfikia mfugaji mmoja ni kusoma kurasa tatu au nne.

Kwako ningeanza na hii:

CREATE INDEX mapokezi_mfugaji_tarehe
ON mapokezi (mfugaji, tarehe, mililita);

Mpangilio wa safu ndani yake una maana. Hapa orodha imepangwa kwa mfugaji kwanza, kisha tarehe ndani ya kila mfugaji. Mtu akija dirishani na kuuliza "mwezi huu nina lita ngapi?", SQLite inaruka hadi kwake, inashuka hadi tarehe mosi, inasoma mistari 60 iliyokaa pamoja. Tena kwa kuwa mililita zimo humohumo kwenye faharasa, haihitaji hata kwenda kwenye jedwali lenyewe. Lakini swali la "leo tumepokea lita ngapi kwa wote?" haliwezi kutumia mpangilio huo vizuri, kwa sababu siku ya leo imetawanyika, kipande kidogo kwa kila mfugaji. Hilo linataka faharasa ya pili inayoanza na tarehe. Baada ya hizo mbili, simama. Kila faharasa inaandikwa upya kidogo kila rekodi inapoingia, na inakula nafasi. Nimeona programu zenye faharasa kwenye kila safu, na zilikuwa nzito kuandika pasipo faida yoyote ya kusoma.

Jumla ya wote kwa mwezi iulize kwa mara moja:

SELECT mfugaji, SUM(mililita) FROM mapokezi
WHERE tarehe BETWEEN '2025-05-01' AND '2025-05-31'
GROUP BY mfugaji;

Usichukue rekodi zote ukazijumlisha kwa mzunguko ndani ya Dart, lugha ya Flutter. Na usikate tarehe ndani ya swali, kwa mfano kuandika substr(tarehe, 1, 7) = '2025-05'. Jibu litakuwa sahihi, lakini umeifunika safu ndani ya hesabu na SQLite haiwezi tena kuitumia faharasa kuruka hadi mwezi huo. Ukitaka kujua SQLite imeamua kusoma vipi, tanguliza maneno EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya swali lako. Ukiona SCAN kwenye jedwali lenyewe, inapitia yote. Ukiona SEARCH pamoja na jina la faharasa yako, inaruka. Fanya hivyo kwa maswali matano muhimu ya programu, usikisie.

Kutafuta kwa jina nako kuna jambo la kwenu. Rungwe majina mengi ya ukoo yanaanza na Mwa. Karani akiandika herufi tatu za mwanzo, hajachuja karibu chochote, na skrini inajaa. Subiri hadi herufi ya tano ndipo uonyeshe majina, au bora zaidi, mpe kila mfugaji kadi yenye namba. Faharasa ya majina huihitaji, kwa wafugaji 230 au 300 kupitia wote ni kufumba na kufumbua. Ila usiunganishe maandishi ya karani ndani ya sentensi ya SQL. Neno lenyewe la kazi yenu, ng'ombe, lina ritifaa, na ritifaa hiyo hufunga maandishi ya SQL katikati na kuvunja swali. Weka alama ya kuuliza kwenye swali na upitishe thamani pembeni. Hiyo pia ndiyo kinga dhidi ya mtu mwenye nia mbaya.

Sasa upotevu. SQLite huandika kwa muamala: ama umekamilika wote, ama haukutokea. Kwa mapokezi, kila mfugaji awe muamala wake, na neno "Imehifadhiwa" lionekane baada ya muamala kufungwa, si kabla. Hapa kuna undani ambao wengi hawaambiwi. Watu wengi, na hata maktaba kadhaa za programu, hutumia mtindo uitwao WAL, uliokuja mwaka 2010, ambapo rekodi mpya huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni kisha huhamishiwa kwenye faili kuu baadaye. Ni mtindo mzuri na wa kasi. Lakini ukiutumia huku mpangilio wa synchronous (unaoamua SQLite isubiri kiasi gani hadi data ifike kweli kwenye hifadhi) ukiwa NORMAL, umeme ukikata faili haliharibiki, ila miamala ya mwisho kabisa inaweza kutoweka. Kwa programu ya picha au habari, sawa. Kwa maziwa ya watu, weka wakati wa kufungua hifadhidata:

PRAGMA synchronous = FULL;

Simu itasubiri kidogo zaidi kwa kila rekodi, na karani hataona tofauti, kwani kumwaga ndoo moja tu kunachukua muda mrefu kuliko hapo.

Faili hilo la pembeni lilinifundisha kwa uchungu. Mwaka 2019 nilikuwa Njombe, nimewatengenezea wakulima wa viazi programu ya kuandika mizigo. Kila Jumamosi nilinakili faili kuu kwenye kadi nikiamini nina nakala. Simu ilipoibwa nikafungua nakala, rekodi za siku za mwisho kabla ya kunakili hazikuwemo. Zilikuwa kwenye faili lenye mwisho wa -wal, ambalo sikulinakili. Wakulima walinivumilia, tukajenga upya kutoka kwenye stakabadhi, lakini sijasahau nyuso zao. Kabla ya kunakili, funga hifadhidata, au itumie amri PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE) na uthibitishe imekubali. Kisha fungua nakala hiyo kwenye simu nyingine na uhesabu rekodi.

Kwa siku mtandao ukipatikana, kila rekodi iwe na kitambulisho cha UUID, yaani namba ndefu isiyojirudia, kinachotengenezwa karani anapofungua fomu, na safu ya kuonyesha kama imetumwa. Karani akibonyeza mara mbili, au simu ikatuma rekodi ileile mara mbili kwa sababu jibu la seva lilipotea njiani, ufunguo ni uleule na ya pili inakataliwa. Na kosa lisifutwe. Karani akiandika lita 50 badala ya 5, iongezwe rekodi ya kupunguza 45 yenye sababu na jina la aliyesahihisha. Mfugaji akibisha mwisho wa mwezi, mna kitu cha kumwonyesha.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Ukikutana na ujumbe kwamba faili la hifadhidata limeharibika, usifute programu, usiisakinishe upya, na usiruhusu karani aendelee kuandika. Nakili faili zote zilivyo na umpelekee mtu mwenye uzoefu mkae naye ana kwa ana. Uko Mbeya, nenda MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga uulize walimu wa kompyuta, beba simu yenyewe. Vituo vikiwa viwili au vitatu vinavyoshiriki wafugaji walewale, tafuta msaada kabla ya kuandika sehemu ya kusawazisha data, kwa sababu makosa ya hapo huonekana baada ya miezi. Na kwa kuwa unatunza majina na namba za simu za watu, mwambie mwenyekiti kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Chama kizungumze na Tume inayoisimamia kuhusu usajili, na wewe huku weka nywila kwenye simu na uifunge hifadhidata kwa msimbo ukitumia SQLCipher.

Kuhama, chagua siku inayofuata baada ya malipo. Ingiza rekodi zote 72,000 ndani ya muamala mmoja. Ukiziingiza moja moja kila moja na muamala wake, simu itasubiri uhakikisho wa hifadhi mara 72,000. Ukimaliza, linganisha idadi ya rekodi na jumla ya lita za kila mwezi kati ya JSON na jedwali jipya, mfugaji kwa mfugaji. Kwa mwezi wa kwanza karani aandike pia kwenye daftari, na ile JSON ibaki kwenye simu nyingine bila kuguswa. Jumla za mwezi zikilingana na daftari na mwenyekiti akatia sahihi, ndipo uifute.